Sauti ya Macho Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mganga mkuu, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe wifi yangu uliyejibanza nyuma ya nguzo, hamjambo?

Nimeombwa niseme machache kabla utepe wa chumba hiki cha skani haujakatwa. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini mpiga picha mkuu wa humu nimemzaa mimi, na cheti cha kulizidi hilo hamna.

Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kusikia macho yake yakigeuka? Mimi nayasikia. Nikitazama kushoto, kitu kinakwaruza kichwani kama kiatu kwenye mchanga. Mlango ukibamizwa, sakafu inainuka upande mmoja.

Nilipowaambia nyumbani, wifi akasema, "Huyu si mzima. Msimwachie mtoto." Mkwe wangu, mke wa kijana wangu, akamchukua mjukuu wangu mchanga, akawa ananionyesha kupitia dirisha. Ningemlaumu vipi, wakati hata mimi nilishaanza kujiogopa?

Picha ya kwanza, iliyopigwa kwingine, ilisema sina neno. Binti yangu, huyo mpiga picha, hakubishana nayo. Aligonga uma wa chuma, ule wa kupimia usikivu, akaubana kwenye kifundo cha mguu wangu.

"Mama, unasikia nini?"

"Uma unalia. Kwenye sikio la kulia."

Akanileta kwenye mashine hii, ikiwa bado kwenye majaribio. "Lala, mama. Usimeze hata mate."

Picha ile ya kwanza ilikatwa vipande vinene, tundu likapotea humo. Mwanangu alikata vyembamba kama ganda la kitunguu, akaviinamisha kufuata mfereji wa sikio la ndani. Tukaliona. Mfupa umetoboka, na ubongo umeulalia mfereji bila paa katikati. Kichwa changu kilikuwa kinajisikiliza chenyewe.

Wifi akaitazama picha hiyo, akanong'ona, "Kumbe kweli."

"Wifi, mimi na uongo tulikula sahani moja lini?"

Mkwe wangu alinikabidhi mtoto pale pale koridoni. Akalala kifuani pangu, lakini moyo wangu ulidunda sikioni kwa kishindo hata pumzi zake sikuzisikia. Ilibidi nimwekee kiganja mgongoni nijue yu hai.

Wiki ijayo daktari wa upasuaji ataliziba tundu hilo. Kisu sikiogopi. Nataka nimsikie mtoto yule akipumua.

Nawashukuru kwa utulivu wenu, na asanteni kwa kunisikiliza.