Tarehe ya Kweli ya Ugonjwa wa Nathanaeli

Ndugu waombolezaji, mimi ni Yudith Yotham, dada wa marehemu na mwalimu wake wa darasa la kwanza, familia imenikabidhi kazi ya kusoma historia hii, nami nawaomba mnisikilize hadi mwisho, hata wale ambao hamtaipenda.

Ndugu yetu Nathanaeli Yotham alizaliwa Zuzu tarehe 11 Aprili 1948, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Yotham na mama Dorkasi. Alianza shule hapo hapo Zuzu mwaka 1957, na kufika darasa la nne mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mama yetu alifariki tarehe 30 Julai 1966, baada ya miaka mingi ya mikono na miguu kucheza bila yeye kutaka, watu wakisema ana pepo.

Tarehe 1 Machi 1968 Nathanaeli aliajiriwa karani wa mizani katika ghala la nafaka mjini Dodoma, na tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na Ruthu, wakajaliwa Jenifa, William na Sila.

Tarehe 15 Februari 1991, wafanyakazi walipokuwa wakipunguzwa kila mahali, wakubwa wa ghala walimwachisha kazi kwa barua yenye sababu moja, ulevi, kwa kuwa alimwaga mahindi na kuyumba mbele yao, ingawa hakuwahi kuonja pombe. Wazee wa kanisa nao wakamwandikia barua ya kumtenga na meza ya Bwana bila hata kumnusa mdomo, na ninyi majirani, wengine mmekaa chini ya turubai hili, mkawa mnamwuliza njiani, "Baba Jenifa, leo ngoma inapigwa wapi?" naye akiwajibu, "Ndani yangu, karibuni mcheze." Mlicheka sana.

Machi 1995 watafiti wakiongozwa na Dokta Khairat walifika kwake Nzuguni, wakatueleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa kwa mzazi, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuupata, na kwamba wao wanawapanga wagonjwa katika hatua tano, kuanzia anayeimudu bado kazi yake hadi anayelishwa na kubebwa. Walimpima alivyogonganisha vidole, alivyotoa ulimi, alivyotembea kwenye mstari, wakampa alama, wakamweka hatua ya tatu. Kisha Dokta akaniuliza ilianza lini, ili hatua ya kwanza ihesabiwe kutoka hapo.

Nilijibu mwaka 1993, nami nilidanganya. Mjomba wetu Matonya, aliyeketi hapo mbele, alikuwa ametuonya, "Mkimtaja dada yangu, nani atamwoa Jenifa?" kwa hiyo mama hakutajwa, na mwaka ukasogezwa, kwa kuwa ushahidi wa mwaka wa kweli ulimtaja yeye. Miaka miwili baadaye Ruthu alipeleka cheti cha daktari ghalani, akiomba neno ulevi lifutwe, akajibiwa, "Mama, hapa imeandikwa aliugua tisini na tatu, sisi tulimwachisha tisini na moja, kwa hiyo alikuwa mzima." Uongo wangu ndio uliomfunga ndugu yangu, naye hakunilaumu, kwa sababu wakati huo ulimi wake haukuweza tena kulaumu.

Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na saba, leo nasahihisha langu. Ninayo barua yake ya tarehe 2 Septemba 1989, mistari yake inaporomoka hadi pembeni mwa karatasi, na chini ameandika, "Dada, mkono umeanza kuwa wa mama." Dokta Khairat, umekaa pale na daftari lako, andika Septemba 1989. Jenifa na mumewe waliisoma karatasi hii jana, na Jenifa akasema, "Shangazi, soma yote."

Marehemu aliingia hatua ya tano Agosti 1997, akafariki nyumbani Nzuguni asubuhi ya tarehe 3 Juni 1998, mikononi mwa Ruthu, na mikono yake ikatulia.

Tunawashukuru madaktari kwa kuja kila mwaka, majirani mliochota maji bila kuuliza kitu, na wafanyakazi wenzake wawili waliofika leo. Wakubwa wa ghala na wazee wa kanisa shukrani yenu ipo, nitaileta mwenyewe siku barua zile mbili zitakapofutwa.

Pumzika, Nathanaeli, kwa amani tuliyokunyima, hukuwa mlevi.