Mifupa ya Hezekiah Waithaka

Hezekiah Waithaka Gichuru alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa Dagoretti, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Gichuru na marehemu Mama Njoki. Dada yake mkubwa, Mwihaki, ndiye aliyembeba mgongoni na kumlinda dhidi ya kila mtu, na kazi hiyo hakuiacha hata ndugu yake alipoota mvi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Dagoretti, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982. Mwaka 1986 alianza kuuza vipuri vya magari barabara ya Kirinyaga, mjini, hadi mwili ulipokataa. Alibeba giaboksi kwa mikono huku akiimba nyimbo za kwaya, tena vibaya.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Wahu, binti wa Othaya, Nyeri, wakaanza maisha mtaa wa Mountain View. Mnajua wanawake wa Nyeri wanavyosingiziwa kupiga waume zao. Siku ya kupeleka mahari wajomba walimtania, "Kijana, nunua helmeti mapema." Wahu pia alicheka, maana wakati huo ulikuwa utani tu.

Mwishoni mwa 2022 mgongo ulianza kumuuma. Kila mtu alilaumu giaboksi, naye akawa anameza dawa za maumivu. Aprili 2023 alipiga chafya kanisani, ubavu ukavunjika. Agosti alivuta geti la nyumbani, mkono ukavunjika. Hapo macho yote yakamgeukia Wahu. Majirani walizima redio ili wasikilize ukutani. Wazee wa kanisa walimwita wakamsihi apunguze hasira. Hospitalini muuguzi alimtoa Wahu nje, kisha akamwuliza mgonjwa kwa sauti ya chini, "Mzee, niambie ukweli. Nani anakuumiza huko home?" Waithaka alisema hakuna. Hawakumwamini; walisema mwanamume aliyepigwa na mkewe hawezi kukubali. Ikafika mahali Wahu mwenyewe akaanza kuiogopa mikono yake. Akimpa chai, aliiweka mezani na kurudi nyuma.

Ndipo Mwihaki akaja na gari kumchukua nduguye. "Mimi sikuachii huyu umalize," alimwambia Wahu pale getini. "Na usikuje kwangu." Wahu aliona aibu hata kwenda sokoni Kangemi.

Kwa Mwihaki, Waithaka alitunzwa kama yai. Asubuhi moja ya Novemba dada alimshika kwapani amwinue kitini, na wote wawili wakasikia mfupa wa bega ukikatika. Mwihaki alipiga mayowe yaliyofika barabarani. Kisha akampigia Wahu simu. "Ni mimi nimemshika," alisema akilia. "Amevunjikia kwa mikono yangu. Kuja tumpeleke hospitali."

Safari hii alipimwa damu na uboho, ule ute ulio ndani ya mfupa. Ilikuwa saratani ya uboho, ambayo madaktari huiita mailoma. Hula mfupa kutoka ndani hadi chafya inatosha kuuvunja. Daktari alisema hata yale maumivu ya mgongo ya mwanzo yalikuwa ni hiyo hiyo. Mwaka mzima ulipotea mke akipelelezwa badala ya mume kupimwa, na inauma sana kulisema hili mbele ya jeneza. Wenye mgongo usiopona na uchovu usioisha, tafadhali nendeni mkapimwe.

Alirudi Mountain View. Wahu alimwosha, akamgeuza kitandani, akamlisha, mpaka alipofariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na miaka 62.

Hata wiki hii, katika mikutano ya matanga, kuna waliosema saratani hiyo ni hadithi ya kumfichia mke, na kwamba asiguse udongo wa kaburi. Baadhi yenu mko humu hemani. Mwihaki ndiye aliyekataa tuandike "aliugua kwa muda mfupi" kama ilivyo desturi. Alitaka ugonjwa utajwe kwa jina.

Marehemu amemwacha mjane wake Wahu, watoto wake Gichuru na Jackie, na dada yake Mwihaki. Alipoona safari yake inaisha aliwaita wote wanne kitandani, akasema, "Waambieni watu huyu mama hajawai nipiga. Ata kofi ya kuua mbu."

Udongo wa kwanza utatupwa na Wahu. Mungu amlaze Waithaka mahali pasipo na maumivu.