Hlekisile MaNgobese, Mjane wa Mshindi wa Isandlwana

Marehemu Hlekisile MaNgobese alizaliwa mwaka 1860 karibu na Nquthu, katika nchi ya Wazulu, binti pekee wa mzee Mabhoko Ngobese. Kaka yake, Zibuse, ndiye aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa shambani.

Utotoni hakusoma. Alianza shule ya misheni akiwa bibi mwenye wajukuu, akaketi mbele pamoja na watoto. Mwalimu alipomwambia, "Bibi, kaa na wakubwa wenzako," alimjibu, "Wakubwa wenzangu wanasinzia, mwanangu. Niache na wanaosoma." Alifinyanga vyungu vya pombe ya mtama, na wengi waliopo hapa walipokewa duniani kwa mikono yake.

Alichumbiwa na Mphikeleli Ntombela, rafiki wa Zibuse. Tarehe 22 Januari 1879 vijana hao wawili, wa kikosi kimoja, walikuwa Isandlwana, mahali jeshi la Waingereza lilipofyekwa licha ya bunduki zake zote. Wanaume waliporudi, wakiisha kutakaswa damu, Mphikeleli alifika peke yake.

"Zibuse yuko wapi?" marehemu akamwuliza.

"Alipigwa risasi ya tumbo pale korongoni. Akanishika mkono, akaomba maji. Wazungu walikuwa wanakimbilia mto Mzinyathi na kikosi kizima kinawafukuza. Nikamwambia, nisubiri, narudi."

"Ukarudi?"

"Jua lilikuwa limeshazama. Nilimkuta amepoa."

"Ukamwacha, Mphikeleli."

"Tulikuwa tunashinda," akasema, macho chini.

Majirani waliimba, mzee Mabhoko akachinja ng'ombe kama ilivyopasa, na mama yao akalia hadi sauti ikakauka. Ushindi wenyewe haukumaliza mwaka. Waingereza walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakachoma miji, na wa Ngobese ukiwemo.

Marehemu na Mphikeleli walifunga ndoa mwaka 1882, wakajaliwa watoto watano. Ilikuwa ndoa ya heshima. Hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombana. Lakini vijana walipomwomba babu awasimulie Isandlwana, naye akaanza, marehemu aliinuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Babu aliikatisha hadithi hapo hapo.

Mwaka 1918 homa kuu ilimlaza Mphikeleli. Marehemu alikuwa akimnywesha uji mumewe alipomshika mkono, akamwuliza, "MaNgobese, lile la Zibuse, umenisamehe? Hujawahi kuniambia."

"Kunywa uji, baba. Unapoa."

Akanywa. Alfajiri akafariki.

Jambo hilo marehemu alilibeba miaka yote iliyobaki. "Nilikwisha kumsamehe zamani," alimwambia binti yake Bajabulile. "Nilimsamehe kabla hata hujazaliwa wewe. Nilidhani anajua. Mtu atajuaje asichoambiwa?"

Mwaka jana kifua kilianza kumbana, miguu ikavimba. Alikataa kupelekwa hospitali, akataka kulala alipolala mumewe. Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Mei 1937, Bajabulile alipomgeuza ubavu, alisema kwa sauti ndogo, "Nikimkuta huko, safari hii nitaanza mimi kusema." Hakuzungumza tena, na jioni alitutoka.

Ameacha watoto watatu kati ya watano, Bajabulile, Mandlakayise na Sibhoko, wajukuu kumi na wanane, na vitukuu. Anazikwa leo kando ya mumewe. Zibuse hana kaburi tunalolijua.

Mungu awape pumziko la amani, yeye, mumewe na kaka yake waliomtangulia.