Kiti cha Kocha Leovigildo Mlangoni

Tarehe 9 Septemba 1953, mvua ikinyesha siku ya tatu mfululizo mjini Hato Mayor, Leovigildo Encarnación alizaliwa, mtoto wa nne wa mkata miwa Eusebio na Bi. Tomasa. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akaingia kiwanda cha sukari, ambako alikuwa mdakaji wa timu ya besiboli ya wafanyakazi. Huko vidole vyake vitatu vilivunjika, vikabaki vimepinda daima. Alijivunia kwamba hakukosa mechi hata moja.

Tarehe 2 Mei 1981 alifunga ndoa na Mireya Polanco. Alichelewa kanisani kwa sababu mchezo ulikwenda zamu kumi na tatu badala ya tisa. Bi. Mireya hajasahau.

Kuanzia 1994 alikuwa kocha mkuu wa timu ya mji. Wachezaji wa zamani walimwogopa wakashinda; vijana wa siku hizi walimwogopa wakanyamaza. Kufikia 2016 wanne walikuwa wamehama, na viongozi wakamwonya: akiondoka wa tano, naye aage.

Jumamosi, 12 Novemba, mpigaji wake bora, Yeudis Montilla, aliupiga mpira, kisha badala ya kukimbia akatembea. Kocha alimtoa mbele ya uwanja mzima.

“Unakwenda sokoni, bwana mkubwa? Nikuletee kikapu?”

“Kiweke tu, mzee. Mimi na timu yako basi.”

Jioni daktari alikuta msuli wa paja umechanika. Yeudis alikuwa ameyaficha maumivu wiki mbili, akimwogopa kocha.

Hata hivyo Yeudis alibaki, na mwaka 2018 timu ilitwaa ubingwa. Marehemu alistaafu 2021. Figo zilianza kumsumbua Machi 2024, akafariki nyumbani Ijumaa, 17 Januari 2025. Siku mbili kabla, Yeudis aliketi kitandani kwake.

“Unaumwa wapi, mzee?”

“Kila mahali, mwanangu. Usiwaambie viongozi.”

Ameacha mjane, Bi. Mireya, mabinti Noris na Deyanira, wajukuu watano, dada yake, Bi. Casilda; na wachezaji wake. Mungu ampumzishe, na vidole vyake vinyooke.

Kuhusu Jumapili ile, siku moja baada ya ugomvi, hakutusimulia kamwe. Yeudis ametuambia juzi. Marehemu hakwenda misa. Alitoa kiti ofisini mwake, akakaa mlangoni pa chumba cha wachezaji. Kila aliyefika, kocha alimwonyesha vidole vyake vilivyopinda, akakiri kwamba bado vinamuuma, kisha akauliza, “Na wewe, unaumwa wapi?” Yeudis alikuja akichechemea, na mfuko mtupu wa kubebea vitu vyake. Aliuweka chini, akaanza kueleza.