Sharti la Jina

Kwenye treni ya asubuhi nilitaka kusinzia tu, lakini binti aliyekaa mbele yangu alikuwa na kompyuta mapajani na nchi nzima ndani yake. Mama mshonaji aliyekuwa ubavuni mwake, akipachika vifungo kwenye sare za shule, alimuuliza anaandika nini. Usingizi wangu ukaishia hapo.

"Hadithi, mama. Nchi ya kubuni. Mganga wao anafufua wafu, ila kwa sharti moja: aliyefufuliwa akitajwa jina lake tu, anakufa tena, na safari hiyo harudi."

"Na mama yake je? Chakula kikiwa tayari atamwitaje?"

"Hamwiti. Uganga usio na masharti hauna utamu kwenye hadithi."

"Hujazaa wewe," alisema mama, akakata uzi kwa meno. "Jina la mtoto linakutoka lenyewe. Huyo hafiki jioni."

Binti alicheka, akaandika upesi. Mimi nilikuwa upande wa mama, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Kwa hiyo hata wewe ungeshindwa, mama?"

"Mimi? Ningemwita 'wewe' mpaka naingia kaburini."

"Hapana, huko ni kulikwepa sharti. Itabidi niongeze jingine."

"Ongeza utakavyo, mwanangu." Treni ilikuwa inasimama. Alizikunja sare, akachomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, akainuka. "Wa kwangu huu mwaka wa tatu sijamtaja jina, na hajarudi."