Mama Lango Anaondoka, na Jengo Bado Halina Jina

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mpokea wageni wetu, anayejulikana kwa wote kama Mama Lango, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Muda wote huo ameitumikia ngome hii kwa moyo mmoja. Au tuseme amelitumikia boma hili. Wengine wanasema kasri hili. Mniwie radhi. Nahangaika na wasifu huu tangu Jumatatu, na kila nikibadilisha jina la jengo, sentensi nzima inanigeuka.

Wanaotufahamu wanajua hali yetu. Jengo lina kuta nene, mnara mmoja, matundu ya mizinga yasiyo na mizinga, na ukumbi wenye nakshi za kifalme. Aliyelijenga hakuacha maelezo. Sisi tunalitunza na kuwatembeza watu, na Mama Lango anakaa mlangoni kuwaeleza wanaoingia wako wapi, kazi ambayo hapa kwetu si ya mchezo. Kuanzia Jumatatu ijayo kiti chake nakikalia mimi, mtunza stoo.

Alipoajiriwa, mkurugenzi wa wakati ule alikuwa mpenzi wa maneno ya kale. Kwa kuwa wazee wa zamani waliita ngome gereza, akaamuru kibao kiandikwe GEREZA. Yalaa! Watu wakaanza kumiminika na sabuni na vyakula, wakiulizia ndugu zao. Mama Lango hakumfukuza mtu. Aliwakalisha kwenye benchi, akapiga simu kwenye gereza lenyewe, akawaelekeza basi la kupanda. Mama mmoja alilia asinyamazishike, ikabidi Mama Lango afuatane naye mpaka huko, wakaambiwa kijana ameachiwa tangu asubuhi na yuko nyumbani, anashangaa mama kaenda wapi.

Kibao kikabadilishwa kuwa BOMA. Tukashusha pumzi, tukiwa tumesahau kabisa kwamba watu hufunga ndoa bomani. Wiki hiyo hiyo wakaingia bwana na bibi harusi wamependeza, nyuma yao mjomba amenuna kwa sababu shahidi wao kapotea njia, kana kwamba wao hawakupotea. Mama Lango akawapeleka mwenyewe kwa msajili, na shahidi alipozidi kukosekana, akasimama yeye. Leo watoto wa ndoa hiyo wanamwita bibi. Akaja pia mfugaji anayemtafuta ng'ombe wake, akiwa amesikia kwamba mifugo iliyopotea huwekwa bomani. Mama Lango akazunguka naye uani kote, mpaka nyuma ya matangi ya maji, huku akijua fika hamna ng'ombe humo. Tulipomuuliza kisa cha kujichosha, alisema mtu aliyepoteza ng'ombe haambiwi hapana akiwa bado mlangoni.

Tukajaribu NGOME. Mgombea mmoja wa uchaguzi akasikia redioni kwamba ngome ya mpinzani wake iko upande huu, akaja na vipaza sauti kuibomoa. Mama Lango akampa chai, akampeleka ukutani aupapase, akamuuliza amekuja na nyundo ya namna gani. Jamaa alicheka mpaka kofia ikamdondoka. KASRI nalo lilituletea ajuza mmoja aliyesisitiza kumsalimia mfalme, na Mama Lango akamjibu kwamba mfalme ametoka kidogo. Tulipomkanya kwa kudanganya wageni, alituuliza kwani yumo?

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi wenu hamlijui. Kibao cha mwisho, HUSUNI, alikichagua yeye mwenyewe. Alichoka. Aliuliza wajuao, akalipenda neno hilo kwa sababu ni la zamani, zuri, na maana yake ni ngome, basi, halina ndoa wala ng'ombe wala uchaguzi ndani yake. Mchora vibao wetu, Fundi Rangi, akaliandika kwa rangi ya dhahabu. Na kweli, hakuna aliyekosea. Hakuna aliyekuja pia. Watu walisoma kibao, wakadhani ni jina la mwenye nyumba, wakapita zao. Siku moja nikamkuta Mama Lango analia kwenye benchi la wageni, akaniambia heri wale waliokuwa wanakosea. Kibao kikafutwa, kikabaki kitupu.

Ndipo mkurugenzi wetu wa sasa akamwomba zawadi moja ya kuagana: atuachie jina la kudumu. Nilifurahi kuliko wote. Nikajua angalau nitakalia kiti nikiwa na la kusema. Jumatatu nikamuuliza, akasema ngome. Jumanne akasema boma, tena kwa uhakika ule ule. Jumatano nikampigia magoti, nikamwambia mama yangu, unanitupa, mtu akija akaniuliza hapa ni wapi nitamjibu nini? Akacheka. Akasema nisikimbilie kumjibu, nimuulize kwanza kama amekula. Niliondoka pale nimechanganyikiwa maradufu.

Jana asubuhi tukakuta kibao kimeandikwa NI HAPA HAPA.

Mkurugenzi alikisoma, akakisoma tena, akauliza ni hapa hapa wapi. Fundi Rangi akajitetea kwamba ndivyo alivyoagizwa na Mama Lango. Tukiwa bado tunabishana, akaingia mzee mmoja ameshika shavu lililovimba kama amefutika embe, akamshukuru Mungu kwamba amefika, maana anatafuta daktari wa meno mpaka miguu imemuuma. Sote tukamgeukia Mama Lango. Naye akafunga mikono nyuma, akaangalia dari.

Ikabidi nikivute kile kiti. Nikamkaribisha mzee akae, nikaanza kumuuliza kama amekula, nikakumbuka jino, nikaligeuza swali. Nikamuuliza kama anaumwa sana. Akasema sana, mwanangu. Basi, ningefanyaje? Nikafunga stoo, nikamshika mkono, tukaenda kumtafuta daktari wa meno, tukiuliza mlango kwa mlango. Tulimpata. Niliporudi, Mama Lango alikuwa ameanza kufungasha vitu vyake.

Nakiri moyo uliniuma kuona droo yake tupu. Hatujui tutakuwaje bila yeye, na asije mtu akajifanya anajua.

Mama Lango, nilikuwa nimeandika hapa pumzika kwa amani, Fundi Rangi akanishtua kwamba hayo huambiwa marehemu. Basi pumzika tu, mama. Lala mpaka jua likuchoke, wajukuu wakusumbue kwa zamu. Tunakushukuru kwa kila mtu aliyefika kwetu kwa makosa akaondoka amesaidiwa, na tunakuombea afya, umri mrefu na furaha nyumbani kwako. Jengo tutalitunza, liwe lolote.