Simba Alipopiga Miayo, Herman Alitazama Majani

Stendi ya Mikumi, pale magari ya Kilosa yanaposubiri kujaa, pana benchi ambalo halijawahi kukosa mtu wa kulipasha moto. Hapo hukaa Mzee Cleopa, karani mstaafu aliyehamishwa vituo vingi mpaka akabatizwa jina la Uhamisho, na Doto, fundi baiskeli, aitwaye Breki kwa sababu akianza kusema hana hata moja. Ashrafu ndiye humimina kahawa, na maneno pia humimina. Asubuhi hiyo Herman alikaa katikati yao, begi miguuni. Alikuwa kijana wa Masanze, anasoma chuo cha utalii na kuishi kwa Mzee Cleopa, mjomba wake. Alitaka kuhamia chuo cha kilimo, Kilosa, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea wanaohamia. Gari lilibakiza nafasi chache. Kuondoka bila baraka ya mjomba hakuweza. Kubaki nako kulimshinda.

— Mtu hahami, alisema Mzee Cleopa. Mtu anahamishwa. Mimi nimekaa serikalini, neno hilo nalijua. Waliohamishiwa kule juu milimani, Vidunda, hawakwenda kupunga upepo, walikuwa na makosa. Sema, umefanya nini?

— Sijafanya kitu, mjomba. Nahama mwenyewe.

— Hata mtunza stoo wetu aliyepelekwa huko alisema hivyo hivyo.

Doto aliweka chini gurudumu alilokuwa akilinyoosha.

— Mzee, hapo umechemka. Dogo amekataliwa na simba.

— Na simba?

— Si kanisimulia mwenyewe! Wamepelekwa mbugani kwa mafunzo, simba kaamka, kapiga miayo, darasa zima simu juu. Mwalimu akamuuliza huyu, Herman, unaona nini? Haya, wajibu wazee, uliona nini?

Herman aliangalia kikombe chake. Tangu siku ile wenzake walimwita Swala.

— Niliona mtama pori umetoa masuke. Uliota kwenye ufa wa jiwe. Nikajiuliza unapata wapi maji.

Benchi lilicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama! alisema Doto, akifuta machozi. Sasa huyu anatafuta majani! Simba ana pua, bwana. Kamnusa, kaona huyu ni mkulima tu, karudi kulala.

— Acheni hizo, alidakia Ashrafu. Hamjaona simba wengine wana mkanda shingoni? Ule unapeleka habari. Mwanafunzi asiyemtazama simba, jina lake linafika ofisini kabla gari halijarudi.

— Kwa hiyo simba ni mtumishi? aliuliza Doto.

— Wa kudumu! Na pensheni anayo.

— Basi naye anaweza kuhamishwa, alisema Mzee Cleopa taratibu, kama anayemwonea huruma.

Herman naye alicheka, hakuweza kujizuia. Lakini moyoni aliwaza mwaka mwingine wa kusimama mbele ya kioo akijifunza tabasamu la kupokea wageni. Mwalimu aliwahi kumwambia kwamba tabasamu lake ni la mtu anayeumwa jino, na mwalimu alisema kweli. Chuo hakikuwa kibaya. Wenzake walichanua humo. Yeye tu ndiye alikuwa kama mtu aliyeazimwa kiatu kizuri, akaona aibu kusema kinambana.

— Mjomba, naomba ruhusa yako.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu wa chuo ameshakubali.

— Mkuu gani? Mkuu ni mimi!

— Mvumilivu hula mbivu, dogo, alisema Ashrafu.

— Atakula mbivu wapi, alisema Doto, na kuangalia majani tu kunamletea balaa?

Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja na kikombe chake, kapu begani, macho kwenye gari.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi naitwa Joha, nasubiri gari hili hili. Nimewasikiliza, nikaona niulize. Huo utalii, nani alimchagulia?

Ashrafu alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Doto aligundua kasoro kwenye spoku. Mzee Cleopa alitazama milima, kana kwamba kuna mtu alikuwa akimwita huko.

Maana ilikuwa hapo hapo, mwaka jana, matokeo ya mtihani wa Herman yalipotoka. Mzee Cleopa alisema watalii hawatakwisha duniani. Doto alisema kofia pana itamkaa vizuri. Wakapiga kura kwa kunyanyua vikombe, Ashrafu akahesabu. Herman alikuwa ametumwa kashata. Aliporudi walimpa mikono ya pongezi.

— Kilosa! Wawili tu, Kilosa! aliita kondakta.

Mzee Cleopa alikohoa.

— Nenda, mwanangu, alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya karani. Mungu akutangulie.

Herman aliushika mkono wa mjomba wake kwa mikono yote miwili, akaushikilia kidogo, kisha akapanda. Joha alimfuata. Gari likawaka.

— Herman! Doto alisimama ghafla. Ukifika, chukua alizeti! Alizeti ndiyo mpango!

— Mifugo! alipaza sauti Ashrafu. Kilimo bila ng'ombe ni mateso!

— Hebu tulieni, alisema Mzee Cleopa, akitafuta kikombe chake. Tupige kura.

Herman akafunga dirisha.